Kutambua Maikrofoni Kuukuu ya Dainamiki Isiyo na Jina: Mwongozo Kamili

Maikrofoni kuukuu inapofika mezani bila jina, bila namba na bila kibati, watu wengi huipiga picha na kutafuta mtandaoni inayofanana nayo. Nawashauri waanze kwingine, kwa sababu umbo ndilo ushahidi dhaifu kuliko wote katika kazi hii. Shure ya Chicago ilitoa Unidyne 55 mwaka 1939, na lile ganda lake la mistari ya kromu limeigwa tangu hapo na viwanda vingi hata leo lina maikrofoni mpya zisizohusiana nalo ndani. Kichwa cha wavu wa mviringo cha SM58, nayo ya Shure, ya mwaka 1966 kimeigwa zaidi ya hapo. Aliyeiga alikuwa na sababu ya kuiga sura, lakini mara chache alikuwa na sababu ya kuiga hesi za skrubu, mpangilio wa pini au idadi ya mizunguko ya koili, ule waya uliozungushwa na kushikamana na kiwambo, yaani utando unaotikiswa na sauti, karibu na sumaku, ambao ndio moyo wa maikrofoni ya dainamiki. Huko ndiko tutakakotafuta majibu.

Ninapoeleza hatua hizi nitakuwa nikirejea maikrofoni moja iliyotoka katika stoo ya shule iliyokuwa ikisafishwa, ikiwa ndani ya boksi la nyaya zilizokatwa. Ina mpini mrefu wa rangi ya fedha, kichwa chembamba, na ukanda mwembamba chini ya kichwa ambao maandishi yake yamekwanguliwa yakaisha. Mkiani ina pini nne. Hiyo ndiyo habari yote niliyokuwa nayo siku ya kwanza.

Vifaa vya kukusanya

Utahitaji tochi ndogo yenye mwanga mkali, kioo cha kukuzia, kalipa ya kupimia unene, maltimita ya dijitali ya kupimia umeme, bisibisi zinazoingia sawasawa kwenye skrubu, sahani ya plastiki ya kuwekea vipande, penseli laini na karatasi nyembamba, potensiometa (kikinza kinachobadilishwa kwa kuzungushwa) ya omu 1,000, na kipande cha sabuni ya mche ambacho matumizi yake nitayaeleza baadaye. Safisha meza kabisa kabla ya kuanza, na hasa uondoe unga wa chuma unaobaki baada ya kupiga tupa, kwa kuwa sumaku ya maikrofoni huuvuta, na chembe moja ikiingia kwenye mwanya wa koili hutoa mkwaruzo usiotoka tena kwa urahisi. Zaidi ya hayo, usipake dawa ya kung'arisha mahali popote. Nimeona maikrofoni zilizong'arishwa vizuri sana hata alama ya mwisho ya jina lake ikaondoka pamoja na uchafu.

Hatua ya kwanza: kulisoma ganda

Zima taa ya chumbani, kisha ulaze mwanga wa tochi karibu sambamba na ganda badala ya kuumulika moja kwa moja. Maandishi yaliyokwanguliwa huacha vivuli ambavyo mwanga wa kawaida hauvionyeshi. Yasipoonekana, pumulia mahali hapo kama mtu anayesafisha miwani, kwa sababu ukungu hukauka kwa kasi tofauti juu ya chuma kilichochongwa na chuma kisichoguswa, na herufi zinaweza kujitokeza kwa sekunde mbili au tatu. Njia ya tatu ni kuweka karatasi nyembamba juu na kuisugua kwa ubavu wa penseli.

Tafuta pia mahali palipokuwa na kibati. Vitundu viwili vidogo vyenye umbali sawa na ukingo, au eneo la kromu linalong'aa kuliko jirani yake, vinaonyesha kwamba kulikuwa na nembo iliyoshikiliwa kwa ribiti au gundi. Chora umbo la eneo hilo na upime umbali wa vitundu kwa kalipa, kwa kuwa baadaye, ukishakuwa na mtuhumiwa, kipimo hicho kinaweza kulinganishwa na maikrofoni yenye nembo kamili.

Ukipata maandishi yoyote, hata yasiyo jina, yana faida. Maneno yanayotaja Ujerumani ya Magharibi yanakuweka baada ya mwaka 1949. Namba ya posta ya Kijerumani yenye tarakimu nne ni ya kati ya 1961 na 1993. Jina la mji lina thamani kubwa zaidi: Shure ilihama Chicago kwenda Evanston mwaka 1956, Electro-Voice ilitoka South Bend ikahamia Buchanan, Michigan, mwaka 1946, Turner ilikuwa Cedar Rapids, Astatic ilikuwa Conneaut, AKG ilianzishwa Vienna mwaka 1947, na Beyer iliyoanzia Berlin ilijengwa upya Heilbronn baada ya vita. Namba ya hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya Marekani inayoanzia milioni 2 ni ya kati ya 1935 na 1961, na inayoanzia milioni 3 ni ya kati ya 1961 na mwisho wa 1976. Kumbuka tu kwamba hataza inakuambia maikrofoni haikutengenezwa kabla ya mwaka fulani. Haikuambii ilitengenezwa lini, kwa sababu kiwanda kinaweza kuendelea kupiga muhuri wa namba ileile kwa miaka mingi.

Hatua ya pili: kuhakikisha ni ya dainamiki

Hapa ndipo nilipowahi kujutia. Zamani, nikiwa na haraka na mita ya mshale, niligusisha waya zake kwenye pini za maikrofoni nzito niliyodhani ni ya koili, kumbe ilikuwa ya utepe. Mita za mshale kwenye kipimo cha omu ndogo hutoa mkondo mkubwa kuliko ule wa maltimita ya dijitali, na utepe wa alumini mwembamba kuliko karatasi ya sigara ulirushwa nje ya mahali pake. Tangu siku hiyo, kwangu kusikiliza hutangulia kupima, na mpangilio huo siubadilishi kwa mteja yeyote.

Kwa hiyo anza kwa kumulika ndani kupitia wavu. Ukiona ukanda mwembamba wenye mikunjo kama bati la nyumba, uliosimama katikati ya vipande viwili vya chuma, hiyo ni ya utepe. Kisha iunganishe na miksa umeme wa fantomu, yaani ule ambao miksa huupeleka kwenye maikrofoni kupitia waya wa sauti, ukiwa umezimwa. Neumann ndiyo iliyoleta fantomu ya volti 48 mwaka 1966 kwa ajili ya redio ya taifa ya Norwei, na maikrofoni za kabla ya hapo hazikuundwa kwa kuifikiria. Nyingine zina transfoma iliyounganishwa na ardhi katikati, nazo hupitisha mkondo mahali usipotakiwa.

Sema maneno mbele, nyuma na ubavuni. Ikisikia mbele na nyuma kwa kiasi kilekile na kukaa kimya ubavuni, ichukulie kuwa ya utepe na uiweke mbali na mita. Ikiwa haitoi kitu kabisa, bado haijafa, kwa kuwa maikrofoni ya kaboni haitoi sauti bila umeme wa betri, na ya kondensa vilevile, ambayo mara nyingi utaitambua kwa nafasi ya betri au kwa soketi yenye pini nyingi.

Baada ya hapo pima ukinzani kwa maltimita ya dijitali. Maikrofoni ya dainamiki yenye afya huonyesha namba tulivu, na ukiweka sikio karibu na wavu utasikia mlio mdogo wa "tik" mita inapogusa pini, kwa sababu mkondo wa mita unasukuma kiwambo. Ya kaboni huonyesha namba inayorukaruka ukiitikisa. Ya fuwele haipitishi umeme kabisa na haina sumaku. Ukisogeza pini ya kushonea karibu na kichwa chake, haivutwi. Kwa watu wa Mombasa, Tanga na Unguja niongeze hili: fuwele za zamani zilitengenezwa kwa chumvi ya Rochelle, ambayo huharibiwa na unyevu na pia na joto linalozidi nyuzi 55 hivi, kwa hiyo maikrofoni ya fuwele iliyoishi pwani miaka mingi kwa kawaida imekwisha kufa. Usipoteze muda kuifufua kwa kuidhani ni dainamiki iliyokatika waya.

Hatua ya tatu: mkia

Soketi ya mkiani huniambia nchi kwa haraka kuliko kitu kingine chochote. Pini moja katikati ya mkia wenye hesi za nje, unaofungwa kwa pete ya kuzungusha, ni Amphenol ya Kimarekani, na ilienea sana kwenye vipaza sauti vya mikutano na redio za mawasiliano. Pini tatu au nne ndani ya mkia wenye hesi ni ndugu yake mkubwa, naye alitumika kwenye Shure nyingi za miaka ya 1950 na 1960, ikiwemo 55S. Tuchel yenye pini nene na pete ya kukaza ni ya Kijerumani au ya Austria, na ndugu yake mdogo wa DIN utamkuta kwenye maikrofoni za rekoda za tepu. Waya usiochomoka wenye jeki ya milimita 6.35 mara nyingi ni wa Japani, na jeki mbili pacha za milimita 3.5 na 2.5 ni za rekoda za kaseti, ile ndogo ikiwa ya swichi ya kuwashia mota. XLR ya Cannon, ile soketi ya pini tatu iliyozoeleka kwenye miksa, inaweza kuwa ya popote.

Kabla ya kuamini soketi, iulize kama ni ya asili. Alama za tupa kwenye ukingo, gundi, tundu la skrubu lisilotumika, au waya wa plastiki mpya ulioungwa kwa waya wa kitambaa, vyote vinasema kwamba fundi mwingine amepita hapo. XLR kwenye maikrofoni inayofanana na ya miaka ya 1940 imebadilishwa, au maikrofoni yenyewe si ya zama hizo. Usiamini pia mpangilio wa pini kwa mazoea, kwa maana Tuchel kubwa na ndogo hazikubaliani kuhusu pini ipi ni ya ardhi, na viwanda vya zamani havikukubaliana kuhusu pini ya 2 na ya 3 za XLR. Pima pini ipi inagusa ganda na jozi ipi ina koili, kisha uandike.

Hesi ya stendi nayo ni ya kupimwa. Inchi 5/8, yaani milimita 15.9, yenye mizunguko 27 kwa inchi, ni ya Marekani na ya waliofuata Marekani. Inchi 3/8, yaani milimita 9.5, yenye mizunguko 16 kwa inchi, ni ya bara la Ulaya. Angalia kama kuna pete ya kubadilishia iliyokwama ndani, kwa sababu imewapoteza wengi.

Hatua ya nne: skrubu na sabuni

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu. Maikrofoni inaweza kubadilishwa soketi, waya, wavu na hata rangi, lakini skrubu ndogo zinazoshika kapsuli, ile sehemu ya ndani inayogeuza sauti kuwa umeme, huingia kwenye matundu yaliyokatwa hesi kiwandani, na matundu hayo hayabadilishwi na mtu mwenye akili timamu. Skrubu yenyewe huweza kuwa ya kubahatisha, kwa hiyo chagua ile inayoingia kwa ulaini hadi mwisho bila kulazimishwa.

Toa skrubu moja, pima unene wake kwa kalipa, kisha ibonyeze ubavu wake kwenye sabuni ya mche. Itaacha mistari midogo iliyo wazi kuliko unavyoweza kuiona kwenye chuma chenyewe. Weka rula kando ya mistari hiyo na uhesabu iliyomo ndani ya milimita 5. Skrubu ya metriki ya M3 ina unene wa milimita 3.0 na itakupa mistari 10, nayo ni ya Ujerumani, Austria au nchi nyingine ya bara la Ulaya. Skrubu ya Kiingereza ya 6BA ina unene wa milimita 2.8 na mistari kati ya 9 na 10, kwa hiyo unene ndio unaoitenganisha na M3. Skrubu ya Kimarekani ya 4-40 ina milimita 2.84 na takriban mistari 8. Ndugu yake wa 6-32 ana milimita 3.5 na mistari 6 na kidogo. Wajapani wa zamani walitumia M3 yenye hesi pana zaidi kuliko ya kimataifa, inayotoa mistari 8 hivi, na hiyo ndiyo huchanganywa na ya Kimarekani na watu wasiotumia kalipa.

Kwenye maikrofoni ya stoo ya shule nilipata milimita 2.83 na mistari 8 kamili. Hapo nikaacha kuangalia picha za maikrofoni za Ulaya, ingawa sura ya mpini wake ilikuwa imenivuta huko.

Hatua ya tano: ukinzani na impidansi

Namba uliyoipata kwenye maltimita ni ya umeme usiobadilika, na si sawa na impidansi, yaani ukinzani dhidi ya umeme unaobadilika kama ule wa sauti, lakini tofauti kati ya hizo mbili ndiyo yenye habari. Koili isiyo na transfoma hutoa ukinzani ulio chini kidogo tu ya impidansi yake, kwa hiyo ukisoma omu 170 na impidansi ikatoka 200, kilichopo ni koili tupu. Ukisoma omu 20 na impidansi ikatoka 200, kuna transfoma kati ya koili na pini. Ukisoma omu elfu moja au zaidi, unaangalia upande wa juu wa transfoma ya impidansi kubwa, iliyokusudiwa amplifaya za valvu.

Impidansi hupimwa bila kifaa cha ghali. Weka spika ndogo mahali pasiposogea na uicheze sauti moja tulivu ya Hz 1,000 kutoka kwenye simu. Weka maikrofoni mbele yake, nayo isisogee, na uangalie kipimo cha kiwango kwenye miksa au kwenye programu ya kurekodi. Sasa unganisha potensiometa kati ya pini mbili za sauti na uizungushe taratibu hadi kiwango kishuke kwa desibeli 6 kamili, yaani volteji ibaki nusu. Ichomoe bila kuigusa tena na upime ukinzani wake: hiyo ndiyo impidansi, kwa makadirio. Miksa yenyewe huvuta kidogo, lakini kwa maikrofoni ya omu 200 kosa haliharibu hoja. Kwa maikrofoni ya impidansi kubwa, potensiometa ya omu 1,000 haitoshi, na ingizo la maikrofoni la miksa litaishusha sauti tangu mwanzo; tumia ingizo la gitaa, na potensiometa ya omu 100,000.

Matokeo yanasomwa hivi. Omu 25 au 30 ni desturi ya Uingereza, kama STC 4021 ya miaka ya 1930, ile yenye umbo la mpira uliobeba kisahani juu yake, ambayo kwa kweli ni mojawapo ya chache zinazotambulika kwa sura peke yake. Omu 200 ni desturi ya Ujerumani na Austria: Sennheiser, Beyer na AKG. Wamarekani waliandika 150 au 250, lakini hapa uwe mpole na kipimo chako, kwa maana SM57 ya Shure imeandikwa 150 na impidansi yake halisi ni 310. Maikrofoni ya Japani yenye swichi au waya wa kuchagua kati ya 600 na 50,000 ni kitu cha kawaida sana. Maikrofoni za Kiingereza za mikutano, kama Grampian DP4, ziliuzwa kwa impidansi tofauti kulingana na agizo la mnunuzi, kwa hiyo mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kukupa majibu mawili.

Maikrofoni yangu ya shule ilitoa makumi ya omu kati ya jozi moja ya pini na zaidi ya elfu moja kati ya jozi nyingine. Ina transfoma yenye matokeo mawili, na uchaguzi wa impidansi ulifanywa ndani ya plagi ya waya, waya ambao ulikuwa umekatwa na kutupwa.

Hatua ya sita: inasikia wapi, na kwa karibu inasemaje

Rudi kwenye kusikiliza, safari hii kwa utaratibu. Mtu mmoja asome maneno yaleyale akiizunguka maikrofoni kwa umbali wa nusu mita, kisha asogee hadi midomo ikaribie wavu. Ikisikia pande zote sawa na besi isiongezeke kwa karibu, ni ya pande zote, na kapsuli yake imefungwa nyuma. Ikisikia mbele zaidi na besi ikivimba kwa karibu, ni ya umbo la moyo, na lazima uone matundu ya hewa nyuma ya kapsuli au shingoni.

Jibu la tatu ndilo tamu: inasikia mbele zaidi, lakini besi haivimbi. Jambo hilo halitokei kwa bahati. Electro-Voice walilifanya kwa kuweka matundu ya nyuma kwa umbali tofauti kulingana na masafa ya sauti, muundo walioupa jina la Variable-D, unaoonekana kama nafasi ndefu kwenye ganda la 664, RE15 na RE20. AKG walifika karibu na hapo kwa njia nyingine katika D202, ambayo ina kapsuli mbili, moja ya sauti nyembamba na moja ya nene. Ukikutana na tabia hii, orodha ya watuhumiwa inakuwa fupi ghafla.

Usisahau swichi na pete. Pete ya hatua tano mkiani inayopunguza besi ni alama ya Sennheiser MD 421, iliyotoka mwaka 1960. Uzito pia husaidia: SM57 ina gramu 284, MD 421 ina gramu 385 bila kishikio, na RE20 ina gramu 737, tofauti ambayo mizani ya jikoni inaiona bila shida.

Hatua ya saba: kufungua, ikibidi

Ikiwa umepata jibu la kutosha, usifungue. Ukilazimika, piga picha kila unapotoa kipande, na usivute kapsuli kutoka kwenye mpini kwa nguvu, kwa sababu waya zake huwa fupi na lehemu ya zamani hukatika. Waya wa koili wenyewe ni mwembamba kama unywele na hupita juu ya ukingo wa kiwambo, kwa hiyo usiuguse kiwambo, usikipulizie hewa ya pampu, na usiweke kapsuli kifudifudi mezani.

Ndani tafuta namba iliyopigwa muhuri kwenye kapsuli au transfoma, maana hiyo ndiyo hubaki baada ya nembo ya nje kupotea. Tafuta koili ya pili isiyogusa kiwambo, ambayo kazi yake ni kuondoa mvumo wa umeme. Maikrofoni za bei ya chini hazina. Angalia pia hali ya vitu laini. Sponji inayobomoka kuwa unga wa kunata huonyesha kwamba hujafungua kitu cha miaka ya 1940, na raba iliyokauka ikawa ngumu kama pembe mara nyingi ndiyo iliyofanya mmiliki wa zamani alalamike kwamba maikrofoni inapitisha kelele za mikono inayoishika. Unga mweupe kwenye ganda la kutupwa ni zinki inayoliwa na hewa ya bahari. Usiukwangue kwa kisu.

Uwezekano mmoja wa mwisho unapaswa kukukaa akilini ukiwa ndani: kapsuli na ganda huenda vina wazazi wawili. Makampuni ya rekoda za tepu kama Grundig na Uher yaliuza maikrofoni zenye majina yao ambazo zilitengenezwa na wengine, na viwanda vya Japani viliuza maikrofoni moja kwa majina ya maduka mengi. Katika hali hiyo swali la "ni ya nani" lina majibu mawili sahihi, na ni vizuri uandike yote mawili.

Kuandika hukumu

Mimi huandika hukumu kwa ngazi nne: aina, nchi, mtengenezaji na modeli, na mbele ya kila ngazi huweka ushahidi wake, kisha naacha wazi ngazi ambayo ushahidi haujaifikia. Mnunuzi ana haki ya kujua kwamba nchi imethibitishwa kwa hesi na modeli imekisiwa kwa sura.

Kwa maikrofoni ya stoo ya shule niliandika hivi. Aina: dainamiki ya umbo la moyo, kwa sababu ya sumaku, mlio wa mita, matundu ya shingoni na besi iliyovimba kwa karibu. Nchi: Marekani, kwa skrubu za 4-40 na soketi ya Amphenol ya pini nne ambayo haina alama ya kubadilishwa. Mtengenezaji: Shure, kwa kuwa mwanga wa ubavuni ulionyesha kwenye ule ukanda wa chini ya kichwa mistari mitatu iliyosimama karibukaribu, baada ya neno ambalo herufi yake ya kwanza ilikuwa na tumbo la U. Unidyne III ilitoka mwaka 1959 katika modeli ya 545, ile iliyozaa SM57 mwaka 1965, na 545 ya mwanzo ilikuwa na impidansi mbili na soketi ya aina hii hasa. Haina swichi, kwa hiyo si 545S.

Modeli: 545, ngazi hiyo nikaiandika kwa penseli. Kapsuli sikuifungua, kwa kuwa inafanya kazi, na mwalimu aliyeileta alichotaka ni kujua kama inafaa kutumika kwenye mahafali. Nilimtengenezea waya mpya kwa upande wa impidansi ndogo, nikaufunga karatasi yenye mchoro wa pini zote nne, na karatasi ya hukumu, yenye ile ngazi ya penseli, nikaikunja ndani ya boksi.